Kipimo na Uamuzi: Ubunifu wa Vifaa vya Kujifuatilia Afya kwa Wenye Magonjwa Sugu

Kifaa cha kujifuatilia afya ni chombo chochote kinachomwezesha mgonjwa kupima hali yake, kuiandika na kuisoma tena baadaye, bila kumsubiri daktari. Daftari ambamo mwenye presha huandika vipimo vyake ni kifaa cha namna hiyo. Kalenda ya ukutani iliyotiwa alama siku ambazo kifafa kilimwangusha mtu, mashine ya sukari na programu ya simu vimo pia. Haja ya vyote hivyo inatokana na tabia ya ugonjwa sugu wenyewe. Mwenye kisukari, shinikizo la damu, pumu, kifafa, selimundu au VVU huonana na mhudumu wa afya kwa dakika chache kila mwezi, au kila baada ya miezi mitatu. Siku zote zilizobaki hujihudumia mwenyewe: ndiye anayeamua ale nini, ameze dawa saa ngapi, apumzike au aendelee na kazi, akimbilie hospitali usiku huo au asubiri kupambazuke. Maamuzi hayo hufanyika nyumbani, shambani, dukani na safarini, na mara nyingi anayeamua amechoka au ana maumivu. Kifaa kizuri ni kile kinachomsaidia kuamua vizuri zaidi. Kinachokusanya tarakimu pasipo kugusa uamuzi wowote humwongezea mgonjwa kazi juu ya ugonjwa, hata kama kimeundwa kwa ustadi mkubwa.

Historia ya kisukari inalionyesha jambo hili waziwazi. Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 kijana Leonard Thompson akawa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kudungwa dawa hiyo. Tangu hapo uhai wa mgonjwa ulitegemea dozi, lakini kwa miaka mingi hakuwa na njia ya kujua kiwango cha sukari katika damu yake kwa saa ile. Alichoweza kupima ni mkojo. Kwa kemikali iliyobuniwa na Stanley Benedict mwanzoni mwa karne ya 20, mkojo ulichemshwa ukabadilika kutoka buluu kuwa kijani, kisha manjano, hadi rangi ya matofali kadiri sukari ilivyozidi. Mwaka 1941 kampuni ya Ames ya Marekani ilileta vidonge vya Clinitest, vilivyotokota vyenyewe ndani ya kijichupa chenye matone ya mkojo, na mwaka 1956 ukaja ukanda wa kuchovya uitwao Clinistix. Njia hizo zote zilikuwa na upungufu uleule. Mkojo hueleza yaliyotokea saa kadhaa zilizopita, wala hauonyeshi kabisa sukari iliyoshuka kupita kiasi, ambayo ndiyo hatari ya haraka kwa mtu anayejidunga insulini.

Damu ilianza kupimwa kwa ukanda mwaka 1965, Dextrostix ilipotoka: tone liliwekwa juu ya ukanda, likasubiriwa kwa sekunde 60, likaoshwa kwa maji, na rangi iliyobaki ikalinganishwa na chati. Kufikia mwaka 1970 kampuni hiyohiyo ilikuwa na mashine iliyoisoma rangi hiyo kwa mwanga. Mashine ilikusudiwa hospitali na vyumba vya madaktari. Kwamba mgonjwa angejipima nyumbani halikuwa wazo la watengenezaji. Richard Bernstein, mhandisi wa Marekani aliyeishi na kisukari tangu utotoni, hakuweza kuuziwa kwa sababu hakuwa daktari, ikabidi iagizwe kwa jina la mkewe aliyekuwa daktari. Alijipima mara kadhaa kwa siku, akalinganisha chakula, insulini na matokeo, akarekebisha dozi kidogokidogo, na afya yake ikaimarika. Madaktari wengi hawakumsikiliza, kwa hiyo akiwa ameshavuka miaka 40 akajiunga na chuo cha udaktari ili apate kusikilizwa.

Mwaka 1978 tafiti za Uingereza zilionyesha kwamba wagonjwa wa kawaida wanaweza kujipima damu nyumbani na kuutumia vizuri ujuzi huo. Ushahidi mzito zaidi ulitoka mwaka 1993, utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada ulipokamilika ukiwa umefuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Waliojipima angalau mara nne kwa siku na kurekebisha insulini kufuatana na matokeo walipunguza hatari ya kuanza kuugua macho kwa asilimia 76. Hata hivyo, matukio ya sukari kushuka vibaya yaliongezeka karibu mara tatu, na mbunifu hana ruhusa ya kulisahau hilo. Kilichowasaidia watu hao kilikuwa mnyororo mzima: kipimo, maarifa ya kukisoma, insulini ya kurekebisha, na timu ya wahudumu iliyokuwa ikiwasiliana nao. Kipimo peke yake kisingefanya kazi hiyo.

Mnyororo ukikatika, kipimo kinaweza kuumiza. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Ireland ya Kaskazini uliohusisha watu 184 waliokuwa wamegundulika karibuni kuwa na kisukari cha aina ya pili. Kundi moja lilipewa mashine za kujipimia, jingine halikupewa. Baada ya mwaka mmoja udhibiti wa sukari haukutofautiana, ila waliojipima walikuwa na alama za huzuni zilizozidi za wenzao kwa asilimia 6. Walikuwa wakizitazama tarakimu zikipanda na kushuka, nao hawana la kufanya papo hapo zaidi ya kuhangaika. Matokeo haya hayasemi kwamba mashine ya sukari ni mbaya. Yanasema kwamba kifaa kilekile humfaa anayeweza kubadilisha dozi leo na humlemea asiyeweza.

Kwa hiyo ubunifu huanza na swali moja: mgonjwa huyu atafanya nini tofauti akishaona matokeo? Jibu hutofautiana kwa kila ugonjwa. Katika pumu lilipatikana mapema na kwa urahisi wa kusifiwa. Martin Wright wa Uingereza alieleza mwaka 1959 kifaa kinachopima kasi ya pumzi inayotolewa kwa nguvu, na baadaye likatengenezwa umbo dogo la plastiki la kutumia nyumbani. Mgonjwa hulinganishwa na kiwango chake mwenyewe bora. Akifikia asilimia 80 au zaidi yuko kwenye kijani na anaendelea na dawa zake. Kati ya 50 na 79 yuko kwenye manjano na anaongeza dawa kama alivyoelekezwa. Chini ya 50 ni nyekundu, anatumia dawa ya dharura na kutafuta msaada. Kila rangi ina agizo lililoandikwa siku ambayo mgonjwa alikuwa mzima na daktari alikuwa na nafasi ya kufikiri. Nguvu ya kifaa imo katika agizo hilo kuliko katika plastiki.

Shinikizo la damu lina hali tofauti, kwa sababu kipimo kimoja hudanganya. Presha hupanda kwa haraka, kwa maumivu, kwa kahawa, kwa kibofu kilichojaa au kwa mkanda wa mashine usiolingana na mkono. Miongozo ya kitabibu hushauri mtu aketi ametulia kwa dakika 5, apime mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, ikiwezekana kwa siku 7, aache vipimo vya siku ya kwanza na atafute wastani wa vilivyobaki. Wastani wa nyumbani unaofikia 135 kwa 85 ndio unaohesabiwa kuwa juu, ilhali kliniki mpaka ni 140 kwa 90. Kifaa kinachomwonyesha mtu 158 ya jioni moja kwa wino mwekundu kinaweza kumfanya ameze vidonge viwili badala ya kimoja. Kinachosubiri wiki ikamilike, kikaonyesha wastani na kusema kama unastahili kupelekwa kliniki, kinamheshimu zaidi. Hata hivyo lazima kibaki na sauti ya dharura kwa presha iliyopanda mno pamoja na maumivu ya kifua, kupooza upande mmoja au kushindwa kusema.

Kifafa humlazimu mbunifu kuuliza nani hasa anaandika. Mara nyingi aliyeanguka hakumbuki kilichotokea. Anayejua kilidumu dakika ngapi na kilianza upande gani ni mama, mke, kaka au mwalimu darasani. Kifaa chenye mwandishi mmoja tu hukosa sehemu kubwa ya habari. Kwa mtoto mwenye selimundu, nako, kipimo chenye thamani kuliko vyote huenda kikawa kipimajoto cha kawaida. Homa ya nyuzi 38.5 ni sababu ya kumpeleka hospitali bila kuchelewa, kwa kuwa maambukizi ya bakteria humshambulia haraka. Programu yenye michoro kumi ya maumivu lakini isiyouliza joto la mwili imekosa jambo la kwanza.

Baada ya kujua nini kipimwe, linafuata suala la mzigo. Kila swali ambalo kifaa huuliza ni kazi, na mwenye ugonjwa sugu ana kazi nyingi tayari: foleni, dawa, nauli, lishe. Utafiti wa Arthur Stone na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002, ulipima uzito wa kazi hiyo kwa njia ya werevu. Wagonjwa wa maumivu sugu walipewa madaftari ya karatasi yaliyofichwa kifaa cha kuhisi mwanga, ambacho kilitunza kumbukumbu za lini daftari limefunguliwa. Kwa mujibu wa walichoandika, asilimia 90 ya taarifa zilijazwa kwa wakati. Kwa mujibu wa mwanga, zilikuwa asilimia 11. Siku nyingi daftari halikufunguliwa kabisa, kisha likajazwa lote kwa mara moja. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki asubuhi ameona kalamu zikizunguka na safu za tarakimu zikikamilishwa kabla jina halijaitwa.

Ni kosa kubwa kuwaona watu hao kuwa waongo. Walipewa kazi isiyoendana na maisha, wakaogopa kukemewa, wakatoa kile walichoona kinatakiwa. Dawa yake ni kuomba kidogo zaidi na kulipokea pengo bila lawama. Programu nyingi zimeiga michezo ya simu: huhesabu siku mfululizo ambazo mtu hakukosa kuandika, na siku moja ikikosekana hesabu hurudi sifuri. Kwa mgonjwa sugu utaratibu huo ni ukatili, maana siku zinazokosekana mara nyingi ndizo alizougua zaidi. Pengo lenyewe lina habari. Kifaa kinaweza kuuliza siku inayofuata kwa neno moja kama jana mtu alikuwa mgonjwa, alikuwa safarini au alisahau tu, kisha kikaendelea.

Wingi wa vikumbusho nao haumaanishi ubora. Magharibi mwa Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watu waliokuwa wameanza dawa za kupunguza makali ya VVU walitumiwa ujumbe wa simu kwa wiki 48, baadhi kila siku na wengine mara moja kwa wiki. Miongoni mwa waliopata ujumbe wa kila wiki, asilimia 53 walitumia dawa kwa kiwango cha asilimia 90 au zaidi, wakati kwa wasiotumiwa chochote walikuwa asilimia 40. Ujumbe wa kila siku haukuleta tofauti ya maana. Maneno ya kutia moyo yaliyoongezwa juu ya kikumbusho kifupi hayakusaidia pia. Kinacholia kila siku huzoeleka kama sauti ya barabarani. Kinachokuja mara moja kwa wiki bado husikika.

Mfano wa Afrika Mashariki unaostahili kuchunguzwa kwa utulivu zaidi ni ule wa utafiti wa WelTel, uliofanyika Kenya kati ya mwaka 2007 na 2008 na kuchapishwa mwaka 2010. Watu 538 walioanza dawa za VVU waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipokea kila Jumatatu ujumbe wenye neno moja: Mambo? Mgonjwa alitakiwa ajibu ndani ya saa 48 kwamba yuko sawa au ana shida. Aliyejibu shida, na aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Mwishoni, asilimia 57 ya waliopata salamu hiyo walikuwa na virusi vilivyofifishwa, ikilinganishwa na asilimia 48 ya wenzao.

Ubunifu ule ulikuwa wa hali ya juu ingawa ulitumia simu za vitochi. Ujumbe haukutaja dawa, ugonjwa wala kliniki. Hata ukisomwa na mwenye nyumba, mtoto au shemeji, ni salamu tu. Haukudai tarakimu. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeamua kama lililompata ni shida, iwe madhara ya dawa, kukosa chakula au kukosa nauli, mambo ambayo hakuna orodha ya maswali ingeyakusanya yote. Zaidi ya yote, upande wa pili palikuwa na mtu. Neno shida lisingekuwa na thamani kama lingeishia kwenye hifadhi ya kompyuta. Kwa sababu hiyo, bajeti ya kifaa chochote cha kujifuatilia lazima ihesabu muda wa anayejibu: muuguzi mmoja anaweza kuhudumia wagonjwa wangapi, nani anashika zamu Jumapili, na mgonjwa anaambiwa nini waziwazi kuhusu saa ambazo hapatakuwa na mtu.

Namna ya kuonyesha matokeo ina mitego yake. Sukari hupimwa kwa vizio viwili duniani: Kenya, Tanzania na Uingereza hutumia milimoli kwa lita, Marekani miligramu kwa desilita, na tofauti yake ni mara 18. Kwa hiyo 5.5 ya Mombasa ni karibu 100 ya Chicago. Ndugu akituma mashine kutoka Marekani, mgonjwa anaweza kuona 110 akashtuka kwa jambo la kawaida. Mashine inayoruhusu kizio kubadilishwa kwa kubonyeza kitufe kimakosa ni hatari.

Saa ni mtego mwingine, na wabunifu wa mbali hawauoni. Kwa msemaji wa Kiswahili dawa ya mara mbili kwa siku humezwa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Skrini inayoandika 08:00 inaweza kusomwa saa nane, na dozi ikasogea kwa saa sita. Kifaa kilichokusudiwa watu wa pwani, bara au Kigoma hakina budi kutaja wakati wa siku pamoja na saa, au kitumie alama wanazozifuata watu wenyewe: baada ya chai ya asubuhi, kabla ya kulala.

Chakula ni kigumu kuliko saa. Programu nyingi za kisukari zinataka gramu za wanga, nazo zina orodha ndefu za mikate na nafaka za Marekani, huku ugali, muhogo, makande na wali wa nazi vikikosekana au vikiwekwa kwa kukisia. Hata vikiwamo, anayekula na wenzake kwenye sinia moja hana sahani ya kupima. Maelezo ya matonge, ya viganja vya wali au ya ndizi zilizopikwa yana ukweli zaidi kuliko gramu za kubuni. Mwezi wa Ramadhani nao hupindua mpangilio wote: mlo wa kwanza ni futari, wa mwisho ni daku, na kifaa kinachodhani kuna mlo wa adhuhuri kitalia bila sababu huku kikikosa saa za hatari kabla ya magharibi. Mwongozo wa kimataifa kuhusu kisukari na Ramadhani unasema kujichoma kidole hakuvunji saumu, na kwamba aliyeshuka chini ya 3.9 au kuzidi 16.6 afungue. Maelekezo hayo yanastahili kuwamo ndani ya kifaa chenyewe, tena kwa lugha inayotambua uzito wa ibada kwa anayefunga.

Mwili wa mtumiaji nao umebadilishwa na ugonjwa. Kisukari cha muda mrefu hupunguza nguvu ya macho na hisia za vidole, lakini mashine nyingi zina maandishi madogo na stripu nyembamba za kushikwa kwa ncha. Herufi kubwa, sauti ya kusoma matokeo na vitufe vinavyohisika kwa kidole ni mahitaji ya msingi hapa, wala si mapambo. Rangi isibebe maana peke yake. Iambatane na neno.

Gharama huamua mengi kimyakimya. Mashine ya sukari inaweza kupatikana kwa bei nafuu au hata bure, lakini hutumia stripu za aina yake tu, na stripu ndizo zinazomaliza fedha. Mtu anayemudu chache kwa wiki hafaidiki na kuambiwa apime kila siku asubuhi. Anafaidika zaidi na vipimo vya jozi: kabla ya mlo na saa mbili baada yake, leo kwa chai, siku nyingine kwa chakula cha mchana, kisha cha jioni. Kwa stripu 6 tayari ameona jinsi kila mlo unavyompandisha. Programu inayopanga jozi hizo kulingana na stripu zilizobaki ingemfaa kuliko ile inayomlaumu kwa kutopima. Vilevile inapaswa kufanya kazi bando likiisha na umeme ukikatika.

Taarifa zilizokusanywa zinaweza kumdhuru mwenyewe zikitoka. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 zote huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sheria, hata hivyo, haizuii simu ya familia kupita mikononi mwa watu watano. Jina la programu lisitaje ugonjwa, arifa zisitokeze dozi kwenye skrini iliyofungwa, na mgonjwa aweze kuchagua ni nani ndani ya nyumba anaona nini.

Wagonjwa wenyewe wamekuwa wabunifu pale watengenezaji walipochelewa. Mwaka 2013 John Costik wa jimbo la New York, baba wa mtoto mdogo mwenye kisukari, alitafuta njia ya kuzitoa tarakimu kwenye kipokezi cha kifaa kilichompima mtoto sukari mfululizo na kuzisoma akiwa kazini. Kazi yake na ya wengine ikazaa mradi wa Nightscout. Dana Lewis wa Seattle, mwenye kisukari mwenyewe, alikuwa na tatizo dogo zaidi kwa kulitaja: kengele ya kifaa chake cha aina hiyo haikuwa na sauti ya kumwamsha usiku. Alipopata njia ya kuzichukua tarakimu zake alitengeneza kengele kubwa zaidi, kisha utabiri, na mwaka 2015 mpango wake wa kurekebisha insulini kwa kompyuta ukawekwa wazi kwa wote. Kengele isiyoamsha ni kasoro ambayo hugunduliwa na anayelala na kifaa hicho kila usiku. Majaribio ya siku mbili ofisini hayawezi kuiona.

Kwa hiyo majaribio yanapaswa kudumu miezi kadhaa, yapite msimu wa mvua, Ramadhani au sikukuu, na safari moja ya kijijini, na yawahusishe wasiosoma vizuri pamoja na wanafamilia wanaosaidia kuandika. Kinachopimwa ni mambo matatu: maamuzi gani yalibadilika, siku mbaya ngapi ziliepukwa, na waliokiacha kifaa walikiacha kwa nini. Wanaoacha hutafutwa na kuulizwa kwa adabu, maana wamebeba habari ambazo waliobaki hawana. Mwisho wa kila mzunguko, kumbukumbu hutolewa kwa sura ambayo mgonjwa anaweza kuishika: ukurasa mmoja wa kuingia nao kliniki, wenye wastani, matukio ya hatari, dozi zilizokosekana na swali lake mwenyewe likiwa juu kabisa. Mradi ukifungwa au kampuni ikifilisika, kumbukumbu zote hubaki kwake, katika muundo unaofunguka kwenye simu nyingine au kuchapishwa kwenye karatasi.